Usiuze Amplifaya ya Babu kwa Kilo

Wasee wa Busia na Malaba, leo naongea jambo ambalo wanunuzi wa skrepu hawatalipenda. Ile amplifaya nzito ya transista iliyofunikwa kitambaa sebuleni kwa babu si takataka. Ni historia yetu, na tunaiuza kwa kilo.

Tuanze na stima. Mwaka wa 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, Uganda. Kufikia 1958 Kenya ilikuwa inanunua umeme huo, megawati 30, na nyaya zilivuka mpaka upande wa Tororo, jirani kabisa na Malaba, zikaenda zake hadi Nairobi. Vijiji vingi vilivyopitiwa na nyaya hizo vilibaki na koroboi kwa miaka mingi. Yaani stima ilitupita juu ya kichwa ikiharakisha kwenda kwa wenyewe.

Sasa muziki ungetufikia vipi? Amplifaya za enzi hizo zilitumia valvu, vile vichupa vya glasi vinavyowaka kama balbu. Valvu lazima ipashwe moto kwanza, na kwa kawaida inataka volti mia kadhaa. Kijijini ungezitoa wapi?

Jibu lilizaliwa mbali. Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, transista ya kwanza ilifanya kazi. Kidude kidogo, hakipashwi moto, na volti 12 zinakitosha. Volti 12 ni betri ya gari tu, na betri ya gari inabebeka kwa baiskeli. Baiskeli hazikuwa shida kwetu: jina boda boda lenyewe lilitokana na baiskeli zilizovusha watu na mizigo kwenye mpaka huu. Kwa hivyo nikisema transista ilileta muziki kwa wengi wetu kabla ya stima, sitanii.

Walioishi mjini, penye stima, walipata zile kubwa. Miaka ya 70 kampuni za Japani kama Sansui, Pioneer na Kenwood zilitoa mashine zenye uso wa alumini, transfoma nzito, na vitufe ambavyo ukizungusha unasikia kazi ya mtu. Ndizo hizo ziko kwa babu.

Najua utaniambia spika ya Bluetooth iko na wati 10,000. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Mara nyingi utakuta inavuta wati 60 hivi. Sasa niambie hizo nyingine zinatoka mbinguni? Amplifaya ya zamani ikiandikwa wati 30 kila upande, kwa kawaida inazitoa kweli. Halafu inafunguka. Ukitoa skrubu unaona kila kitu, na kikiungua kimoja unabadilisha hicho kimoja.

Ukitaka kununua, tulia kwanza. Kama ilitengenezwa kwa soko la Japani, inataka volti 100. Hapa kwetu ni 240. Ukiichomeka hivyo hivyo, umechoma pesa. Angalia nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Kama haina, nunua transfoma ya kushusha. Usiiwashe moja kwa moja hata kama muuzaji anaapa. Mwambie fundi aiunganishe kwa mfululizo na balbu ya zamani ya wati 100, si LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kukataa kufifia, kuna shoti ndani. Kapasita za miaka 40 huwa zimekauka, kwa hivyo tenga pesa za kuzibadilisha. Na transista feki zimejaa sokoni, usimbane fundi kwa bei mpaka akuwekee hizo.

Yangu nilinunua kwa mzee mmoja Malaba, bei ya spika ya kawaida ya plastiki. Lakini kilichonifunza zaidi ni kukaa na fundi aliyeifungua. Anasikiza mkwaruzo tu na anakwambia ni kitufe cha sauti au ni kapasita. Hakusomea darasani, na hajaandika popote.

Hapo ndipo naona hasara. Mnunuzi wa skrepu anataka shaba ya transfoma na alumini ya kupozea, basi. Mashine zikiisha, fundi hana kazi. Fundi akikosa kazi, kijana hana wa kumfunza. Tutabaki mpakani tukivusha vitu tusivyoweza kufungua.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya mtu kuleta mizani, muulize babu aliipata wapi na ilicheza nini. Rekodi majibu yake kwa simu. Halafu tafuta fundi.