Tumbili wa Gitaru na macho ya kompyuta

Leo tuweke kando mambo ya programu za simu kidogo, nina kisa cha stima.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, katika mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikalemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya ikakaa gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona! Watu walicheka. Mimi nikajiuliza: aliyeketi mbele ya skrini Nairobi aliona nini?

Skrini hizo ziko Juja Road. Laini ya kilovolti 132 kutoka Owen Falls, Uganda, iliishia hapo mwaka 1958, na Kindaruma ilipoanza kufua umeme 1968 nayo ikavutiwa huko huko. Kabla ya kompyuta kazi ilikuwa ya mdomo: unapiga simu kila kituo, mwenzako anakusomea mita, unaandika, unamwambia afungue au afunge swichi. Mara nyingi sauti yenyewe ilisafiri juu ya waya za umeme.

Kisha ikaja SCADA. Kila kituo kinawekwa kisanduku kinachosoma volti, ampea na hali ya swichi, kinatuma kila baada ya sekunde chache, na kinapokea amri. Ni wazo rahisi, lakini linataka njia ya mawasiliano, kwa hiyo nyuzi za mwanga zikafichwa ndani ya waya wa juu kabisa wa minara. Nyuzi zilizozidi zikakodishwa kwa kampuni za simu.

Kwetu ni Makueni, upande wa Kiboko. Laini ya Juja kwenda Rabai inapita hapo. Utotoni tulilisha mbuzi chini ya minara, jioni tukawasha koroboi.

Msidhani skrini haidanganyi. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio, Marekani, programu ya ving'ora ya kampuni ya FirstEnergy iliganda kwa sababu michakato miwili iligusa data ile ile kwa wakati mmoja. (Waandishi wa programu mnanielewa. Mimi nimewahi kuandika kosa la aina hiyo hiyo kwenye programu ya pampu ya maji, tangi likafurika usiku kucha.) King'ora kikanyamaza, na wahudumu wakadhani kimya ni usalama. Habari za kweli zilikuwa zikiingia kwa simu kutoka kwa majirani zao, hawakuzitilia maanani. Watu kama milioni 50 wakakosa umeme, Marekani na Kanada.

Sasa rudi Kitui, kaunti ya kilomita mraba zaidi ya 30,000. Kompyuta inaona vizuri vituo vikubwa. Chini ya hapo laini ni kama mti: shina moja, matawi marefu, na transfoma ya kijijini kwa kawaida haina cha kutuma habari. Mmeona stima ikipepesa mara mbili tatu kisha inazimika kabisa? Hiyo ni swichi ya kujirudisha kwenye laini. Inajaribu, labda tawi limegusa waya na kuachia. Ikishindwa inajifunga, na wote walio mbele yake wako gizani, pamoja na friji ya chanjo ya zahanati. Mradi wa KETRACO wa laini ya Mwingi, Kitui, Wote hadi Sultan Hamud unapunguza shida kwa juu, maana mji unaweza kulishwa kutoka pande mbili. Matawi yanabaki matawi.

Kwa hiyo huko macho ni watu. Shangazi yangu wa Mutomo, stima ikizimika, hapigi simu mara moja. Anatoka nje, anatazama ng'ambo ya mto kama kwa jirani kunawaka, anampigia binamu aliye karibu na soko, halafu anampigia dada yake wa mbele zaidi. Ndipo anabonyeza *977# au anaita 97771, na akimpata mtu anamwambia hitilafu iko kati ya wapi na wapi. Hajawahi kusikia neno algorithimu, ila anagawa laini nusu kwa nusu kama tulivyofundishwa chuoni, na fundi wa pikipiki anajua aanzie nguzo gani.