Migogoro ya madhara ya tiba nchini Kenya

Migogoro ya madhara ya tiba huzuka pale mgonjwa, au jamaa zake ikiwa amefariki, wanapodai kwamba kilichomuumiza ni huduma aliyopewa wala si ugonjwa uliompeleka hospitalini. Nchini Kenya migogoro hii hupelekwa kwenye mabaraza ya taaluma au mahakamani, au humalizwa kwa mazungumzo. Baraza laweza kumwondolea daktari leseni, na mahakama yaweza kuamuru fidia. Maelezo kamili ya kilichotokea, ambayo ndiyo familia nyingi huyauliza kwanza, huenda yasipatikane kokote.

Shauri hupata nguvu au hudhoofika kutokana na faili la mgonjwa. Humo mna fomu ya ridhaa, chati ya dawa, majibu ya maabara na maandishi ya wauguzi wa zamu. Lakini faili hilo huandikwa na kutunzwa na upande ule ule unaolalamikiwa, na hapo ndipo mlalamikaji anapoanza akiwa nyuma. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 humpa raia haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili kulinda haki yake, hata zikiwa mikononi mwa mtu mwingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humruhusu mtu kuziona taarifa zake binafsi. Ni busara kuomba nakala mapema na kwa maandishi, kabla kurasa hazijapotea na wahudumu hawajasahau.

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lijulikanalo kama KMPDC, hufanya kazi chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya. Lilikuwa bodi hadi marekebisho ya 2019. Wauguzi na matabibu wana mabaraza yao. Kwa hiyo mama aliyeumizwa wakati wa kujifungua, akihudumiwa na kada tatu usiku mmoja, anaweza kulazimika kueleza mkasa wake mara tatu. Huo ni mzigo asiostahili kutwikwa mtu aliyekwisha kuumia.

Mahakamani, mlalamikaji huthibitisha kwamba alistahili uangalifu, kwamba uangalifu huo ulipungua, na kwamba upungufu huo ndio uliomdhuru. Kipimo kinachotumiwa kina asili ya kesi ya Bolam ya Uingereza ya 1957: daktari hulinganishwa na madaktari wenzake wenye ujuzi kama wake. Hivyo anahitajika daktari mwingine wa kutoa ushahidi wa kitaalamu, na si rahisi kumpata atakayesimama dhidi ya mwenzake. Muda nao hauna subira. Dai la uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, na dhidi ya Serikali ndani ya miezi 12. Mahakama yaweza kuongeza muda ikiwa mambo ya msingi yalikuwa hayajajulikana.

Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu kwa sababu alichanganywa na mwingine aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni. Mkurugenzi mkuu alipewa likizo ya lazima, wahudumu kadhaa wakasimamishwa kazi, na madaktari wenzao wakalalamika kwamba kosa la mfumo lilikuwa likibebeshwa watu wachache. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa na orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, na kuthibitisha mgonjwa ni nani kumo katika hatua yake ya kwanza kabisa, kabla hajalazwa usingizi. Adhabu pekee haielezi kwa nini hatua kama hiyo hurukwa.

Ibara ya 159 ya Katiba huzitaka mahakama kukuza upatanishi, na upatanishi chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016. Mbele ya mpatanishi daktari anaweza kueleza na kuomba radhi, jambo ambalo wakili wake angemkataza kizimbani. Hatari yake ni makubaliano ya kunyamaza: familia hulipwa, na kasoro ile ile hubaki wodini ikimsubiri mgonjwa mwingine.

New Zealand ilichagua njia tofauti. Tangu Aprili 1974 mfuko wa umma hulipa walioumia kwa ajali, na tangu 2005 aliyedhuriwa na tiba hahitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Huko Marekani, hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilianza mwaka 2001 kuchunguza madhara zenyewe, kumweleza mgonjwa ukweli na kumpa fidia pale zilipokosea. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba madai mapya yalipungua, na muda wa kati (median) wa kuyamaliza ulishuka kutoka miaka 1.36 hadi 0.95. Kenya haina mfuko kama ule wa New Zealand, lakini njia ya Michigan haikungoja sheria mpya: ilianzishwa na hospitali zenyewe.