Shairi Lilivyofundishwa Majengo

Ukitaka kujua alikotoka mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Mombasa, usianzie chuo kikuu, anzia chuoni. Kwetu Majengo, mtaa uliokua nje ya Mji wa Kale, nyumba zilikuwa za udongo na makuti, na mwenye nyumba alimiliki kuta na paa tu. Ardhi aliilipia kodi kwa mwenye kiwanja. Katika vichochoro hivyo palikuwa na vyuo vya Kurani. Mwalimu wa chuo hakuwa na maazimio ya kazi wala mkuu wa idara wa kumkagua. Alikuwa na mkeka, mbao za kuandikia, wino na sikio. Watoto walisoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, na yeye huku anashona kofia humkamata papo hapo yule aliyefupisha pa kuvuta. Kosa lilisikika kabla halijaonekana. Mimi nimefundisha Kiswahili katika sekondari za kisiwa hiki tangu miaka ya 1980 hadi kustaafu, na nasema bila kusita kwamba sikio hilo ndilo lililokuwa nguzo ya idara zetu, na ndilo tuliloliachia.

Ushairi nao ulirithiwa hivyo hivyo. Muyaka bin Haji alifariki yapata 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mvita mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kumfafanulia mmishonari W. E. Taylor, diwani yenyewe ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, Sikujua na Taylor wote wakiwa wameshakufa. Wasomi humtaja Taylor kwanza, kisha Hichens. Mimi namtanguliza Mwalimu Sikujua, kwa kuwa kazi aliyoifanya ndiyo hasa kazi ya mwalimu wa fasihi: kulisikiza shairi kwa aliyelihifadhi, kuliandika lilivyo, na kumweleza mgeni lilitungiwa nini na lilimpiga nani. Majumbani nako wanawake walisomeana tendi. Bibi yangu hakujua hati za Kizungu, lakini Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858, aliusoma kwa mahadhi huku anachambua mchele, na ukimkatiza huanza ubeti upya.

Kisha ikaja shule ya serikali na Kiswahili chake. Mkutano wa 1928, uliokaa papa hapa Mombasa, ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Mtoto wa Majengo akaingia darasani na "nti" na "mato" ya nyumbani, akafundishwa "nchi" na "macho". Sina ugomvi na usanifishaji. Vitabu na mitihani ya nchi nzima inahitaji lugha moja. Kilichoniuma, na kinaniuma bado, ni idara kukichukua Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kuwa uchafu wa kufutwa kwa wino mwekundu, na kesho yake kumpa mtoto yule yule shairi la Muyaka alifafanue.

Aliyeonyesha kwamba pande mbili hizi zaweza kukaa chumba kimoja ni Shihabuddin Chiraghdin. Alizaliwa Mombasa mwaka 1934, akawa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na hakuona kwamba kazi ya mwalimu inaishia kengele ya mwisho ikilia. Aliihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyotoka 1971. Alifariki 1976, na mwaka uliofuata kikatoka Historia ya Kiswahili, kitabu alichokiandika pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanzania. Hebu fikiri maana ya diwani ile kwa mwanafunzi wa hapa. Malenga aliyemo kitabuni alikuwa hai, mtu wa mji huu huu, na maneno yake yalikuwa ya jikoni kwao.

Siku hizo Kiswahili kilikuwa somo la hiari katika sekondari, na idara ilikuwa ya watu wachache. Mambo yalibadilika kwa ripoti ya Mackay ya 1981. Mfumo wa 8-4-4 iliyoupendekeza ulianza 1985, Kiswahili kikawa cha lazima, na mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ukafanywa 1989. Ghafla kila mwanafunzi alihitaji mwalimu wa Kiswahili, na walimu wakaletwa kutoka pande zote za nchi.

Idara niliyoanzia kazi ilifanya jambo la busara. Walimu wa bara walikuwa mabingwa wa sarufi. Ngeli wanazijua, uchanganuzi wa sentensi wanaujua, kwa sababu wao lugha hii waliisoma kanuni kwa kanuni. Vijana wetu wa Majengo, kwa kuyategemea masikio, walianguka katika sarufi na kushangaa, mbona Kiswahili ni chetu? Basi mkuu wa idara akagawa: sarufi na matumizi ya lugha kwa mwenzetu wa bara, ushairi kwa sisi wa pwani, na kila mmoja ahudhurie kipindi cha mwenziwe. Nilijifunza sarufi nyuma ya darasa, pamoja na wanafunzi wangu. Yeye akajifunza kughani.

Kanuni ya mkuu yule kwa ushairi ilikuwa moja: shairi lighaniwe kwanza, ndipo liandikwe ubaoni. Mwanafunzi anayehesabu mizani kwa macho huona "mtu" akaandika mizani moja. Anayeghani hawezi kukosea, kwa kuwa ile "m" imemchukulia pigo lake. Tarbia ya mizani nane kwa nane ukiighani, kituo cha kati kati ya ukwapi na utao kinajitangaza chenyewe. Inkisari na mazda pia. Ukiona mshairi amekata neno au amelirefusha, ulimi wako utakwambia sababu, maana bila hivyo mahadhi yangevunjika.

Halafu mtihani ukatawala. Kiswahili kimegawika karatasi tatu: insha alama 40, lugha 80, fasihi 80. Ushairi ukawa swali la alama 20 lenye vipande vinavyojirudia: taja bahari, eleza umbo, bainisha uhuru wa mshairi, andika ubeti fulani kwa lugha ya nathari. Shule baada ya shule, idara zikaanza kufundisha kutoka mwongozo wa kusahihisha kurudi nyuma. Nimeona daftari lenye orodha ya bahari kutoka ukara hadi pindu, limeandikwa vizuri, na mwenyewe hajapata kulisikia hata shairi moja likighaniwa. Nimeona pia "mato" ikitiwa chini ya uhuru wa mshairi, kana kwamba Muyaka aliibuni kwa kutafuta vina, na kijana wa Majengo anayeisema kila siku akaikubali kuwa ni ruhusa ya kishairi. Huko ni kumfundisha mtoto aisahau nyumba yao.

Siulaumu mtihani peke yake. Sisi wa pwani tulikuwa na ukaidi wetu juu ya mashairi huru. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, wengi wetu tuliyaita nathari iliyokatwakatwa, tukayapitia haraka, na wanafunzi wakayakuta mtihanini bila silaha. Hayo nayo yana sauti yake, na anayejua kusikiza tarbia ana masikio ya kuyasikiza.

Sasa mtaala wa umilisi unachukua nafasi ya 8-4-4, na idara zinaandika maazimio mapya. Wakuu wa idara wa kisiwa hiki, nawaomba jambo moja. Kipindi cha kwanza cha ushairi kila mwaka, vitabu vibaki vimefungwa. Mwiteni mghani. Majengo, Kuze na Mji wa Kale bado wapo, na wengine ni wazazi wa wanafunzi wenu. Aghani, wanafunzi wamfuate, kisha ndipo muulize habari za vina na mizani.