Unatembelea kiwanda cha mkonge? Ijue habari ya watu waliopelekwa huko kwa amri wakati wa vita

Ukipita Magu, Kwimba au Kishapu utakuta katani zimepandwa mipakani mwa mashamba. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezizoea. Tunakata majani, tunatoa nyuzi, tunasokota kamba ya kufungia ng'ombe, basi. Lakini mmea huohuo, ambao Tanga na Morogoro huitwa mkonge, uliwahi kuwa bidhaa ya vita. Makumi ya maelfu ya watu wa nchi hii walichukuliwa vijijini kwa amri ya serikali ya kikoloni wakafanye kazi katika mashamba na viwanda vya wazungu, na mkonge ulikuwa mstari wa mbele.

Viwanda vya aina hiyo bado vipo, vingine vinafanya kazi hadi leo, na mtu anaweza kuomba kuvitembelea. Katika makala haya tunakueleza kilichotokea, utakachokiona ukifika, na maswali ya kuuliza.

Mkonge ulifikaje

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa ya Pangani, Muheza, Korogwe, Morogoro na Kilosa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaitawala Tanganyika, na mkonge ukawa zao lake kubwa la kuuza nje.

Kwa nini vita vilihitaji kamba

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939. Mwanzoni nyuzi za kamba za meli zilipatikana kwa wingi kutoka Ufilipino na kisiwa cha Java. Mapema mwaka 1942 Japani ikaziteka nchi hizo. Uingereza na Marekani zikajikuta zinaitegemea zaidi Afrika Mashariki kwa nyuzi, na hasa Tanganyika.

Meli haziendi bila kamba. Wakulima wa Marekani na Kanada nao walihitaji kamba za kufungia ngano wakati wa mavuno. Mpira ulikuwa na shida hiyohiyo, maana Japani ilikuwa imeiteka Malaya. Mashamba ya zamani ya mpira yaliyoachwa na Wajerumani upande wa Tanga yakafufuliwa haraka.

Tatizo likawa watu. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini wakati wa vita hivyo. Mashamba yalitaka mikono mingi kuliko ile iliyokuja yenyewe.

Manamba na watu wa amri

Hapa inafaa kutenganisha makundi mawili, kwa sababu katika masimulizi huchanganywa.

Kundi la kwanza ni manamba. Hawa walikuwa vibarua wa mkataba. Kila mmoja alipewa namba, na jina likatokea hapo. Wengi walitoka mbali na mashamba: Wasukuma, Wanyamwezi, Waha, na wengine kutoka nchi jirani. Walisafiri kwa treni, kwa lori na kwa miguu. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, kwa hiyo mtu aliyetoka Mwanza hakuweza kwenda moja kwa moja kwa treni hadi Korogwe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Manamba waliweka sahihi au dole gumba, ingawa nyuma ya sahihi hiyo mara nyingi kulikuwa na kodi ya kichwa isiyosubiri.

Kundi la pili ni watu wa amri. Hawa hawakuulizwa. Kwa kutumia sheria za wakati wa vita, serikali iliamuru wilaya zitoe idadi fulani ya wanaume wenye nguvu. Amri ilitoka kwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, ikafika kwa mtemi au jumbe, naye ndiye aliyepaswa kutafuta watu. Unaweza kufikiria mtihani uliokuwepo pale: jumbe akikosa watu anaulizwa na serikali, akiwakamata analaumiwa na majirani. Aliyekuwa hana wa kumsemea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Wapo waliokimbia kabla ya kukamatwa, wapo waliotoroka wakiwa tayari shambani, na kutoroka kulikuwa kosa la kuadhibiwa.

Huenda utasikia mtu akisema, "Lakini walilipwa." Ni kweli, walilipwa. Ila malipo hayaondoi shuruti. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 unaieleza kazi ya shuruti kuwa ni kazi ambayo mtu anaifanya kwa tishio la adhabu, bila kujitolea mwenyewe. Kipimo ni hiari. Mtu aliyechukuliwa wakati wa kulima, akaacha shamba la nyumbani mikononi mwa mke, watoto na wazee, hakurudishiwa msimu wake na mshahara ule.

Haya hayakuwa ya Tanganyika peke yake. Kenya nayo ilitoa watu kwa amri kwenda mashamba ya walowezi. Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1942, iliongeza siku za kazi za lazima za wanakijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Ukifika kiwandani utaona nini

Mashamba ya mkonge yenye viwanda yapo Hale, Ngombezi na Magoma mkoani Tanga, na mengine Kilosa mkoani Morogoro. Kwa anayetoka Mwanza, Hale ni rahisi: ukifika Segera unashika barabara ya Tanga, unaikuta njiani kabla ya Muheza.

Utaanzia shambani. Mkataji anakata majani ya chini kwa kisu, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga mafungu ya majani 30. Utomvu wake unawasha ngozi. Majani hayawekwi muda mrefu, kwa hiyo yanapelekwa upesi kwenye korona. Korona ni mashine kubwa inayoponda na kuparua majani huku maji yakiosha nyuzi. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za nyuzi kavu. Zilizobaki ni maji na makapi. Hale makapi hayo yalianza kutumika kuzalisha gesi na umeme.

Baada ya hapo nyuzi huanikwa juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kufungwa robota za kilo 250. Chumba cha brashi kina vumbi jingi, kwa hiyo ukiingia funika pua na mdomo.

Angalia pia vitu vinavyosimulia zamani: mabaki ya reli nyembamba za troli, na safu za nyumba za vibarua zinazoitwa kambi. Uliza kuhusu kipande. Hii ilikuwa kadi ya siku 30. Siku ukimaliza kazi uliyopimiwa inawekwa alama, na mshahara unakuja kipande kikijaa. Ukiumwa au kazi ikikushinda, siku haihesabiwi.

Wenzetu wanakumbukaje

Kiwanda cha chuma cha Völklingen, Ujerumani, kiliwatumikisha zaidi ya watu 12,000 kwa nguvu katika vita kuu mbili. Leo ni urithi wa dunia, na tangu mwaka 2018 kina sehemu maalumu ya kuwakumbuka, iliyotengenezwa na msanii Mfaransa Christian Boltanski. Japani nayo, viwanda na migodi yake, kikiwemo kisiwa cha Hashima, vilipoorodheshwa mwaka 2015, iliahidi kueleza habari za Wakorea na wengine walioletwa bila hiari. Mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ilisikitika kwamba ahadi ilikuwa haijatimizwa ipasavyo.

Funzo ni kwamba mashine peke yake hazisimulii habari ya watu. Lazima kuwe na anayeamua kuisema.

Sheria inasemaje leo

Tanganyika huru iliridhia mikataba ya kimataifa ya kupinga kazi ya shuruti mwaka 1962. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 25, inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaikataza pia. Katiba imeacha mambo machache nje ya katazo hilo, mojawapo likiwa kazi inayolazimika wakati wa hali ya hatari au baa. Ni vizuri raia alijue hilo, kwa sababu hata amri za miaka ya 1940 zilitolewa kwa jina la dharura. Kazi ikiitwa ya dharura, mwananchi ana haki ya kuuliza: dharura ipi, kwa muda gani, na anayefaidika ni nani?

Kabla ya kwenda

Omba ruhusa kwa uongozi wa shamba mapema, au ulizia Bodi ya Mkonge Tanzania iliyopo Tanga. Vaa viatu vya kufunika miguu, usikaribie korona bila mwenyeji wako, na uliza kabla ya kupiga picha.

Ukikutana na wazee wa kambini, usianze na simu mkononi. Shikamoo kwanza, kaa, jitambulishe unatoka wapi na ni wa ukoo gani. Kisha uliza: Waliokuja wakati wa vita walitoka wilaya zipi? Nani alikuja kwa mkataba na nani kwa amri? Waliofia hapa wamezikwa wapi? Nani hakurudi kwao?

Na kama huna nauli ya Tanga, anzia nyumbani. Mtu mzima wa mwaka 1942 hayupo tena, lakini watoto wake ni mababu na mabibi zetu wa leo. Muulize bibi kama kuna ndugu aliyekwenda "mkongeni" akapotea huko. Angalia kwenye sanduku la zamani kama kuna kipande au karatasi ya mkataba. Ukipata, usiitupe wala kuikunja upya. Ipige picha, andika jina la mwenyewe, kijiji na mwaka. Wengi wa watu wale huko mashambani walibaki kuwa namba, na jina lao lipo kwa jamaa zao tu.