Picha Chambo la Porini: Jibu kwa Jopo

Orodha moja ya istilahi za filamu, kazi ya jopo ambalo adabu inanizuia kulitaja, imetupatia "filamu ya kinyonyaji ya mwituni". Eti hilo ndilo jina la Kiswahili la kile ambacho Kiingereza hukiita "jungle exploitation film", yaani zile picha za bei chee zilizojaa makomandoo, majani mapana, madaraja ya kamba na risasi zisizokwisha kwenye bunduki. Kila nikilisoma naona kupe mkubwa ameketi juu ya kisiki. Niliandika barua ndefu ya kulipinga, nikapendekeza "picha chambo la porini". Nilijibiwa kwa mistari miwili: nashukuriwa kwa mchango, ila pendekezo langu ni "lugha ya vibandani". Kwa kuwa mistari miwili haitoshi kubishania jambo hili, na kwa kuwa waliojibu hawakuonyesha dalili ya kuisoma barua yenyewe, ninaihamishia hoja mbele ya wasomaji.

Picha zenyewe hazihitaji maelezo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo wengi wetu tulisomeshwa sinema na deki na mkanda. Makambako palikuwa chuo kikuu cha elimu hiyo. Barabara ya kwenda Songea inaachana hapo na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na treni ya TAZARA inasimama hapo, hivyo mikanda ilipanda na kushuka pamoja na abiria. Kwetu Uwemba tuna kituo cha umeme wa maji ambacho hakifikishi hata megawati moja, na bado kilitosha kumwasha steringi. Tulikaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video tumevaa makoti, maana baridi ya Njombe haina huruma, tukimtazama mtu aliyevua shati akitokwa jasho kwenye pori la nchi ambayo hata mtengenezaji hakujali kuitaja. Kila mtu aliyetoka humo anajua ninazungumzia nini.

Sasa tuingie kwenye neno. Kunyonya ni kitenzi cha mtoto na ziwa la mama yake. Siasa ndiyo iliyokihamisha. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliukataa unyonyaji, na tangu hapo Mtanzania akisikia neno hilo anaona bwanyenye na mrija, kabaila, kupe. Ni maana nzito, imelipiwa kwa historia, na sioni sababu ya kuitoa kwa mkopo kwa picha za ninja. Ukimwambia mzee wa Njombe kwamba jioni kuna filamu ya kinyonyaji, atategemea hadithi ya mwenye shamba na vibarua wake. Huenda wapo walioigiza katika picha hizo kwa ujira wa sahani ya chakula, na hao unyonyaji wanaujua. Ila jina la aina ya filamu halitaji mikataba ya waigizaji.

Kosa la jopo ni kulifungua kamusi la Kiingereza kwenye "exploitation", kuchukua maana ya kwanza iliyojitokeza, kisha kulifunga. Lingevumilia kidogo lingeona kwamba neno hilo lilipita kwa Wafaransa likitoka Kilatini, na huko mzizi wake ni kukunjua: kitu kilichokuwa kimekunjwa kinatandazwa, kinaonekana, kinatumika. Hakuna mrija wala damu. Na katika biashara ya sinema ya Marekani, miaka ya 1910 na 1920, neno hilo lilikuwa la watu wa matangazo. Walilitumia kwa ngoma zilizopigwa mbele ya jumba la sinema, mabango makubwa kuliko ukweli, na mtu aliyevalishwa kama mhusika akazungushwa mitaani. Baadaye zikaja picha ambazo bila kelele za namna hiyo hazina kitu. Zilitengenezwa kuanzia kwenye bango: kwanza litafutwe jambo la kumshtua mpita njia, damu au kifua wazi au habari iliyo midomoni mwa watu, ndipo hadithi itafutwe ya kulibeba. Jambo hilo la kumvuta mtu akaingia kabla hajauliza habari za ubora, Kiswahili kina neno lake tangu watu walipoanza kuvua. Ni chambo.

Naufahamu ubishi uliopo. Ndugu mmoja, mshindani wangu wa siku nyingi katika mambo haya, husema chambo ni samaki. Kwa Wamalawi ndiyo, ni samaki wao mashuhuri wa Ziwa Nyasa, na kwa kuwa Ludewa yetu inapakana na ziwa hilo, anadhani hapo amenimaliza. Kiswahili hakijawahi kuogopa neno lenye sura mbili. Paa ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, na ni kitendo cha ndege, na hakuna mwindaji aliyewahi kupiga bati risasi kwa kuchanganyikiwa. Kuhusu muundo, nomino mbili kusimama bega kwa bega si uvumbuzi wangu: tuna gari moshi, bata mzinga, paka mwitu. Wale wanaodai kiunganishi kati ya picha na chambo waanze kwanza kwa kumsahihisha bata.

Chambo kina faida nyingine. Kinatuwezesha kutenganisha picha ambazo kibanda kilizichanganya. Rambo ya 1985, iliyopigwa Mexico, ilikuwa picha ya fedha nyingi, haikuwa chambo. Lakini kitambaa chekundu cha Stallone kilikuwa chambo mikononi mwa wengine. Mwaka 1987 Mwitaliano Bruno Mattei alitoa Strike Commando, iliyopigwa Ufilipino, na alijiita Vincent Dawn ili mteja asijue kuwa ananunua Vietnam ya Waitaliano. Mwenzake Antonio Margheriti alijiita Anthony M. Dawson, naye alishaitumia Ufilipino katika The Last Hunter mwaka 1980, wakati Apocalypse Now, iliyopigwa katika nchi hiyohiyo miaka ya 1976 na 1977, bado ilikuwa midomoni mwa watu. Kabla yao wote, kampuni ya Roger Corman ilikwishapeleka kamera huko kwa ajili ya The Big Doll House ya 1971: wanawake, gereza, pori. Ndiyo maana udogo wa bajeti hauhitaji kutajwa kwenye jina. Chambo hakizidi bei ya samaki.

Baada ya chambo tuje kwenye miti, yaani "mwituni" ya jopo na "porini" yangu, na hapa ndipo jopo lilipopotea kabisa. "Jungle" ya Waingereza imetoka India, katika jangal ya Kihindi, nayo katika jangala ya Kisanskriti. Jangala ilikuwa nchi kavu! Ilikuwa ardhi ya miti michache na hewa nyepesi, nayo vitabu vya kale vya tiba vya India viliitenga na nchi ya maji na majimaji. Kwa maneno mengine ilikuwa nyika. Waingereza wakaichukua nyika ya watu, wakaimwagilia maji mpaka ikaota majani mapana na chatu. Nami nawafuata wanaosema kwamba mzizi huohuo ulikwishatua kwetu zamani kwa mlango mwingine: jangili, mtu wa porini, ambaye leo tunamkamata na pembe za ndovu. Kuna aliyenishauri tutumie "filamu za kijangili", kwa kuwa mzizi ni mmoja. Nilimshukuru. Jangwa, kwa wanaolitamani, halimo katika ukoo huu. Hilo ni umbo la ukubwa la neno wangwa, ile ardhi tupu ya chumvi ya kule pwani, na kufanana kwake na jangala ni bahati tu.

Kama hata wenyewe waliotoka na neno hawakuafikiana ni nchi kavu au nchi ya mvua, sisi tunang'ang'ania mimea ya nini? Mwitu ni neno zuri lililochoka, siku hizi linaishi kwa kumfuata paka na nguruwe. Msitu kwetu Njombe ni mali. Ni miwati ya kampuni iliyoanza mwaka 1949, ni misindano iliyopangwa mistari, ina mwenyewe, ina kibali cha kuvunwa, na mtoto anatumwa kuni humo bila kuogopa komandoo. Pori ni kitu kingine. Pori halisemi kuna miti gani, linasema nani hayupo: hakuna mwenyekiti wa kijiji, hakuna kituo cha polisi, hakuna atakayesikia ukipiga yowe. Picha hizi zinahitaji hilo tu. Commando ya Schwarzenegger, ambaye vibandani tulimwita Komandoo Kipensi, inatuonyesha kisiwa cha mbali, na kisiwa hicho ni pwani ya California. Predator ilipigwa Mexico. Missing in Action ya 1984 ni Vietnam ya Ufilipino. Mtaalamu wa mimea angeleta majina matatu ya misitu, mtazamaji alihitaji moja. Na kwa wale wanaoliona pori kuwa neno la mitaani, nawakumbusha kwamba serikali yenyewe inatumia "pori la akiba", na lipo moja hapahapa kwetu, Mpanga Kipengere. Sijasikia jopo likilipeleka kwenye usanifishaji.

Limebaki la mwisho, ambalo najua ndilo lililowaudhi: "picha la". Wanataka "filamu ya", na wananikumbusha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Naiheshimu sheria hiyo, ila haikutungwa iwe kamusi. Filamu nayo ni mgeni, na kwa Waingereza wa kale mzizi wake ulikuwa utando mwembamba, ngozi laini kama ile ya ndani ya yai. Picha naye ni mgeni kutoka mlango huohuo. Kati ya wageni wawili nimemchagua aliyejifunza tabia za nyumbani. Picha hii ni ya pasipoti, picha hili lina steringi. Wenye lugha wameihamisha nomino moja kutoka ngeli hadi ngeli, na kwa kiambishi kimoja wametofautisha karatasi ya ukutani na saa mbili za mapigano. "Picha linaanza," husema msimuliaji yeyote wa Tanzania anapokaribia kwenye utamu, na hakuna anayedhani anazungumzia fremu. Kazi kubwa namna hiyo ya sarufi ikifanywa na watu wa benchi huitwa kosa. Ingefanywa kwenye ukumbi wenye chai na vitafunwa ingeitwa mkakati.

Vibanda vimefanya makubwa kuliko hayo. Rambo aliacha kuwa mtu akawa mfuko wa plastiki, neno lililoeleweka nchi nzima hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019, na halikupita kwenye kikao chochote. Steringi, deki na mkanda vimeingia kwa njia hiyohiyo. Dar es Salaam, Lufufu aliketi na kipaza sauti akawageuza Wachina na Wamarekani wakasema Kiswahili cha Kariakoo, na Kenya wanaye DJ Afro. Kampala wamekwenda mbali zaidi. Huko Wakaliga, mwaka 2010, Nabwana Isaac alitoa Who Killed Captain Alex, picha chambo halisi lenye makomandoo, magenge na helikopta za kompyuta, lililotengenezwa kwa fedha ambazo kwa mujibu wa wenyewe hazifikii dola 200. Sauti ya msimuliaji wake, VJ Emmie, imeshikamana nalo kiasi kwamba huwezi kulitazama bila yeye. Watu hao ndio wanaoijua kazi. Kama lugha yao ni "lugha ya vibandani", basi istilahi ya jambo la vibandani tuitafute wapi, kwenye mahubiri?

Matumizi, kwa kifupi: umoja ni picha chambo la porini, wingi ni mapicha chambo ya porini, na kwa wanaojuana picha chambo peke yake linatosha. Yasiyo na pori yafuate mkondo huohuo: picha chambo la gerezani, la ninja, la mizimu.

Nasikia orodha itapigwa chapa upya. Wahariri wake walitoe neno "kinyonyaji" kabla haijafika mashuleni, na msomaji mwenye jina bora kuliko langu alilete hadharani, lipimwe na waliowahi kulipa kiingilio.