Njia ya Manyoya: Ketsali, Misitu ya Mawingu na Magofu ya Wamaya

Safari za kuongozwa za kutazama ndege katika Amerika ya Kati, hasa Guatemala na Honduras, kwa kawaida hukutanisha mambo mawili ambayo mgeni huyaona kuwa hayahusiani: alfajiri kadhaa katika misitu ya milimani iliyogubikwa na ukungu, ambako kiongozi humtafutia ndege aitwaye ketsali, na siku nyingine chache katika magofu ya miji ya Wamaya iliyoko mabondeni na katika nyanda za chini. Matangazo ya safari hizo huuchukulia msitu kuwa ni wa mpenda ndege na gofu kuwa ni la mpenda historia. Historia yenyewe haiungi mkono mgawanyo huo, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka elfu moja msitu na mji viliunganishwa na bidhaa moja, nayo ni unyoya mrefu wa ketsali dume. Na aliyejua pa kuupata hakuwa mfalme wala kuhani, bali mwenyeji wa mlimani, mtu ambaye ujuzi wake haukutofautiana sana na ule wa kiongozi wa leo.

Msitu wa mawingu ni msitu wa milimani ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hufunikwa na ukungu: upepo wenye unyevu ukipandishwa na mteremko hupoa, mvuke wake ukageuka matone, na matone hayo hunaswa na majani pamoja na mimea midogo inayoota juu ya matawi, kisha hudondoka ardhini hata siku ambazo mvua haikunyesha. Ndiyo maana misitu hiyo ni chimbuko la mito, jambo ambalo halitamshangaza msomaji anayeijua Usambara au Uluguru. Ketsali huishi katika ukanda huo, takribani mita 1,200 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi magharibi mwa Panama, naye ni wa jamii ya trogoni, ambayo ina wanafamilia wake hata katika misitu ya Afrika Mashariki, wenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu kama yeye. Kinachomtofautisha na ndugu zake ni manyoya machache marefu ya dume, ambayo watu huyaita mkia ingawa kwa hakika huota juu ya mkia na kuufunika. Hurefuka kupita nusu mita, na kwa baadhi ya madume hukaribia mita nzima, ilhali ndege mwenyewe hazidi sana sentimita 40. Rangi yake nayo ni ya ajabu, kwa sababu ndani ya unyoya hamna chembe ya rangi ya kijani: kuna tabaka nyembamba zinazoirudisha nuru kwa namna ambayo unyoya uleule huonekana kijani, samawati au dhahabu kadiri mtazamaji anavyosogea.

Kwa Wamaya rangi hiyo ilikuwa rangi ya maji, ya jiwe la jade na ya jani la muhindi mchanga, na neno lao *yax* liliijumuisha kijani na samawati pamoja. Mfalme aliyevaa manyoya hayo kichwani alijionyesha kuwa shina la mmea unaolisha watu. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Copán, mji ulioko magharibi mwa Honduras katika bonde lenye mwinuko wa mita 600 hivi, ambako mwaka 426 ilianzishwa nasaba iliyokuja kuwa na wafalme 16. Mwanzilishi wake alijiita K'inich Yax K'uk' Mo', jina ambalo ndani yake mna ndege wawili: *k'uk'*, yaani ketsali, na *mo'*, yaani kasuku mkubwa mwekundu. Chini ya majengo ya baadaye wanaakiolojia walilikuta hekalu la kale ambalo ukuta wake una mchongo wa lipu wa ndege hao wawili waliosokotana shingo, na mnamo 776 mfalme wa mwisho mwenye sifa aliweka madhabahu ya jiwe yenye sura za wafalme wote 16 wakiwa wameketi, mwanzilishi akimkabidhi yeye fimbo ya utawala kana kwamba karne tatu na nusu zilikuwa siku moja. Jina hilo pia lilikuwa ramani fupi ya nchi, kwa maana kasuku mwekundu ni ndege wa nyanda zenye joto na ketsali ni ndege wa vilele vyenye baridi. Aliyeyabeba majina yote mawili alidai mamlaka juu ya bonde na mlima kwa pamoja.

Bidhaa hiyo ilifaa sana biashara ya masafa marefu. Katika nchi hizo hapakuwa na punda, ngamia wala farasi, kwa hiyo kila mzigo ulibebwa na wapagazi, na unyoya, ulio mwepesi kupita kiasi na wenye thamani kubwa kupita kiasi, ulilipa gharama ya mgongo wa binadamu kuliko karibu kitu kingine chochote. Katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16 wafanyabiashara wa Waazteki walioitwa *pochteca* walisafiri kwa misafara hadi pwani ya Soconusco, na mkoa huo ulipotiwa chini ya utawala wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulilazimika kupeleka manyoya pamoja na kakao na ngozi za jagwa kama kodi. Mjini manyoya yalipokewa na mafundi walioitwa *amanteca*, ambao waliyafunga kwa nyuzi au kuyagandisha kwa gundi iliyotengenezwa kutokana na mizizi ya okidi, na ufundi wao ulielezwa kwa kina katika kitabu kikubwa ambacho padre Bernardino de Sahagún alikikusanya kwa lugha ya Kinahuatl katika karne ya 16. Katika lugha hiyo neno *quetzalli* lilikuwa na maana ya unyoya mrefu wa kijani kabla ya kuwa jina la ndege, na likabeba pia maana ya kitu cha thamani. Kazi mashuhuri iliyobaki ni taji kubwa lililoko katika jumba la makumbusho mjini Vienna, lenye zaidi ya manyoya 400 ya ketsali, ambalo liliorodheshwa mwaka 1596 katika mali za mtawala mmoja wa Tirol. Watu hulihusisha na Moctezuma, mfalme wa Waazteki, ingawa uhusiano huo haujathibitishwa. Kwa kuwa kila dume ana manyoya machache tu ya urefu huo, nyuma ya taji hilo moja lazima kuna madume wengi sana na mitego mingi sana.

Kutokana na hesabu hiyo mtu angetarajia kwamba ndege huyo aliangamizwa, lakini haikuwa hivyo. Katika milima ya Guatemala ambayo Wahispania waliiita Verapaz, maana yake amani ya kweli, mtawa Bartolomé de las Casas aliandika katika karne ya 16 kwamba aliyemuua ndege huyo alihukumiwa kifo. Ndege alinaswa akiwa hai, manyoya marefu yakanyofolewa, kisha akaachwa aruke, kwa kuwa manyoya huota upya baada ya kupukutika. Sheria ya namna hiyo haikuhitaji huruma kwa ndege, na pengine huruma haikuwamo. Ilihitaji tu mtu kuelewa kwamba dume aliye hai hulipa kila mwaka, na dume aliyekufa hulipa mara moja. Ilihitaji pia mtegaji anayejua mambo matatu ambayo hakuna mfalme wa bondeni aliyeyajua: ni miti ipi ya parachichi mwitu iliyoiva kwa wakati huo, kwa sababu ketsali humeza tunda zima na kulitema kokwa lake, ni gogo lipi lililooza kiasi cha kutobolewa tundu la kiota kwa mdomo usio na nguvu, na ni miezi ipi madume huwa wamekamilisha manyoya yao kabla ya kuyapoteza baada ya kuzaliana.

Uvamizi wa Wahispania uliivunja njia hiyo mahali pa soko. Kwa muda mafundi wa manyoya walitumiwa kutengeneza picha za Kikristo, na mojawapo, iliyotengenezwa mwaka 1539 kama zawadi kwa Papa Paulo wa Tatu, iko hadi leo katika mji wa Auch nchini Ufaransa. Lakini hapakuwa tena na wafalme wa kuvalishwa. Badala yake ilizaliwa hadithi ambayo viongozi wa safari huisimulia hata leo, kwamba mwaka 1524, shujaa wa Wak'iche', kabila la Wamaya, aitwaye Tecún Umán alipouawa na jemadari Mhispania Pedro de Alvarado, ketsali alitua juu ya kifua chake na tangu hapo kifua cha ndege huyo ni chekundu. Hadithi ni nzuri na ina haki yake, ila trogoni wa Usambara nao ni wekundu vilevile, wala hawakuwahi kusikia habari za Alvarado. Vivyo hivyo kwa piramidi ya Chichén Itzá, ambako mgeni huambiwa apige makofi ili asikie ngazi zikijibu kwa sauti ya ketsali: mwangwi huo upo, lakini ngazi ndefu zilizopangwa kwa vipimo sawa hutoa mwangwi wa aina hiyo popote zilipo, na kutoka hapo hadi kwenye nia ya mjenzi ni mbali.

Karne ya 19 ilirudisha mahitaji, safari hii kwa sura mbaya zaidi. Ndege huyo alipewa jina la kisayansi mwaka 1832 na Pablo de la Llave, kwa heshima ya mtaalamu wa viumbe wa Meksiko José Mariano Mociño, na makumbusho na wakusanyaji wa Ulaya wakataka ngozi zilizokaushwa, yaani ndege mzima aliyeuawa. Mwaka 1861 Mwingereza Osbert Salvin alichapisha maelezo ya jinsi alivyowinda ketsali kwa bunduki huko Verapaz. Katika nchi ambayo kumuua ndege huyo kulikuwa kosa la kifo, kumuua kukawa ajira. Hata hivyo ni Salvin huyohuyo aliyepiga picha magofu ya Copán mwanzoni mwa miaka ya 1860, miaka ishirini na kitu baada ya John Lloyd Stephens na mchoraji Frederick Catherwood kuyafikia mwaka 1839, Stephens akidai kuwa aliyanunua kwa dola 50. Baadaye Salvin na rafiki yake Frederick DuCane Godman walihariri mfululizo mkubwa wa vitabu, *Biologia Centrali-Americana*, wenye makumi ya juzuu kuhusu wadudu, mimea, wanyama na ndege wa eneo hilo. Na ndani ya mfululizo huohuo, kati ya 1889 na 1902, zilitoka juzuu za akiolojia za Alfred Maudslay, zenye picha na michoro ya Copán, Quiriguá, Tikal na Palenque. Wasomi wa wakati huo hawakuona ajabu kuweka mende, ketsali na maandishi ya wafalme katika rafu moja, na katika hilo walikuwa karibu na ukweli kuliko matangazo ya utalii yaliyokuja baadaye.

Hatari kubwa zaidi haikuwa bunduki bali shamba. Kuanzia miaka ya 1870 ardhi za Waq'eqchi' wa Alta Verapaz zilichukuliwa kwa ajili ya kahawa, nyingi zikaishia mikononi mwa walowezi wa Kijerumani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja mmea ambao msomaji wa Kiswahili anaujua jikoni, nao ni iliki. Mmea huo hupenda unyevu na kivuli cha msitu, na Guatemala ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, soko lake kuu likiwa nchi za Kiarabu ambako iliki hutiwa katika kahawa ya wageni. Kwa njia hiyo finjani ya Muscat na kiota cha ketsali zimo katika hesabu moja, kama ambavyo iliki ya wakulima wa Usambara Mashariki imekuwa ikipimwa dhidi ya msitu wa huko.

Guatemala ilikwisha kumweka ndege huyo katika nembo ya taifa mwaka 1871, na tangu miaka ya 1920 sarafu yake inaitwa ketsali, lakini heshima ya nembo haikulinda mti hata mmoja. Ujuzi wa maisha yake ulikuja taratibu, hasa kwa Alexander Skutch, mtaalamu wa mimea aliyegeuka kuwa mtazamaji wa ndege, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alikaa karibu na viota nchini Costa Rica na kuandika, mwaka 1944, kwamba dume na jike hupokezana kulalia mayai, manyoya ya dume yakichomoza nje ya tundu kama majani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mario Dary Rivera wa Chuo Kikuu cha San Carlos aliongoza kutengwa kwa hifadhi ya zaidi ya hekta 1,000 karibu na Purulhá kwa ajili ya ketsali. Aliuawa kwa risasi mwaka 1981, akiwa mkuu wa chuo hicho, na hifadhi hiyo ina jina lake. Huko, kama ilivyo katika mabonde ya Costa Rica ambako wakulima huacha miti ya parachichi mwitu isimame malishoni, kiongozi humpeleka mgeni kwenye mti unaozaa, kwenye gogo lenye tundu, katika miezi ya madume wenye manyoya kamili. Ni mambo matatu yaleyale ya mtegaji wa Verapaz. Kilichobadilika ni kwamba sasa mnunuzi hupanda mlima mwenyewe na kuondoka na picha.

Bondeni Copán, tangu 2011, kasuku wekundu waliofugwa wamekuwa wakiachiwa huru, nao hupita juu ya uwanja wa mpira wa kale ambao mawe yake yamechongwa vichwa vya ndege haohao. Ketsali hawezi kurudishwa hapo, kwa kuwa bonde hilo ni la chini mno na lina joto mno kwake. Anayetaka kuwaona ndege wote wawili waliomo katika jina la mwanzilishi wa nasaba ile hana budi kuacha magofu na kupanda mlimani pamoja na mwenyeji.