Nafasi ya Kitanda

Mpwa wangu ana miaka miwili na miezi saba. Wiki iliyopita alipanda fito za kitanda chake cha utotoni akaanguka upande wa pili, puu, juu ya viatu vyangu. Hakuumia. Dada yangu aliwasha taa, akanitazama, akasema, "Sasa unaona."

Nilijua anamaanisha nini. Nyumba yetu hapa Mbotela haina pa kuweka kitanda kingine, na kile ninacholalia mimi tangu niache chuo ndicho mtoto anachohitaji. Asubuhi nikaazima futi kwa jirani fundi, nikapima ukuta hadi ukuta. Ukipima nyumba za Eastlands, utajiuliza zilipimiwa nani.

Zilipimiwa mwanamume mmoja. Kwa serikali ya mkoloni, Mwafrika alikuja Nairobi kufanya kazi, si kuishi. Mke na watoto walitakiwa wabaki rizavu. Kwa hivyo wakubwa wa mji hawakuwa wakihesabu nyumba, walihesabu nafasi za kitanda. Kariokor ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa mabweni, kama shule ya bweni ya watu wazima. Baadaye kulikuja mitaa ya familia, Kaloleni ikiwa mojawapo, lakini wengi waliendelea kulala kwa hesabu ile ya kitanda.

Hata mshahara ulipigiwa hesabu hivyo hivyo. Kima cha chini kilikuwa cha kumtosha mwanamume asiye na mtu. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba polepole mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, wanajeshi waliuzingira mji katika Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini, na wake na watoto wakarudishwa rizavu. Yaani karatasi moja inasema mtoto ahesabiwe, na lori linampakia mtoto huyohuyo.

Mtaa wetu ni wa miaka hiyo. Ulipewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa KAU aliyepinga Mau Mau na kuuawa Novemba 1952, kama vile Ofafa ilivyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Mbotela alitoka katika jamii ya Frere Town, Mombasa, watu ambao wazee wao walikombolewa utumwani. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hilo. Nilidhani Mbotela ni yule wa redio tu.

Babu mzaa mama alikuja mjini 1961. Nyanya alikuwa akimtembelea baada ya mavuno, mathe akiwa mgongoni, kisha anarudi ushago kabla ya kupanda. Uhuru ulipokuja, safari hizo zikawa ndefu zaidi, hadi mwaka mmoja hawakurudi. Chumba hakikuongezeka. Pazia lilikata chumba katikati, na mathe na ndugu zake wakalala uvunguni mwa kitanda cha babu, juu ya magunia. "Uvungu ndio ulikuwa chumba chetu," anasema, tena kwa kujivunia kidogo. Kitanda chake mwenyewe hapa Nairobi alikipata alipoolewa.

Kwa hivyo nilipomwambia kwamba mtoto anaweza kulala chini kwanza, kama wao, alininyamazia kwa muda. Halafu: "Mimi nililala uvunguni ili wewe uandike hayo?"

Nikanyamaza.

Fundi mmoja kando ya Jogoo Road anasema anaweza kunitengenezea kitanda cha kuvuta, kinachoingia chini ya kingine mchana. Anataka elfu sita na mia tano. Nimebaki na elfu mbili, na kuna mhariri mmoja nadai.

Jumamosi tulivunja kile cha fito tukakifunga kwa kamba juu ya kabati. Mtoto alilala kitandani kwangu, viti viwili vikiwa vimeegemezwa ubavuni asidondoke. Mimi nililala chini na godoro la wageni. Saa tisa usiku nilisikia kiti kikisukumwa, halafu miguu midogo ikanikanyaga tumbo. Alikuja na blanketi lake, akalala.

Dada yangu amesema kesho tujaribu tena.